Wa Kike ni Tatu

Mjukuu wangu alidungwa sindano tatu za chanjo ya malaria, ya nne akanyimwa kwa sababu ni msichana. Hakuna aliyemchukia. Angekuwapo mtu wa kumchukia mtoto yule, ningejua pa kuimwaga hasira yangu, na hasira ninayo, waulize majirani zangu wa Kondele, hapa Kisumu. Waliomnyima ndio hao hao waliokuwa wakimlisha, wakimwogesha na kumbeba mgongoni. Hilo ndilo lisiloniacha hadi leo.

Sisi watu wa ziwa tuna hesabu yetu. Mtoto akizaliwa, wa kiume hukaa ndani siku nne kabla ya kutolewa nje, wa kike siku tatu. Mtu akifa, mwanamume huombolezewa siku nne, mwanamke tatu. Tumebatizwa, tunaimba kwaya, Jumapili tunajaza makanisa, na hesabu hiyo iko pale pale. Mimi mwenyewe nilitolewa nje siku ya tatu, binti yangu pia, na sikuwahi kuona ubaya wake. Ni desturi, haimdhuru mtu. Sasa hebu niambie, nani angedhani itatoka nyumbani ituingilie hadi kliniki?

Maana chanjo hii nayo ina hesabu yake. Sindano tatu za kwanza hudungwa mtoto akiwa bado wa kubebwa, hajatimiza mwaka. Halafu mnakaa. Mnakaa mpaka mnasahau, mtoto anatembea, anakimbia, anavunja vikombe, ndipo mnaitwa tena kwa ya nne, ile ya nyongeza. Sista mmoja, muuguzi wa kliniki ya kwetu, alinieleza vizuri kabisa: nguvu ya zile tatu hupungua kadiri mtoto anavyokua, na ya nne huiinua tena. Mimi nilielewa mara moja. Kumbe katika kile kipindi kirefu cha kukaa, watu walikuwa wakielewa mambo mengine.

Mimi ni fundi wa cherehani. Nashona sare za shule kwenye kibanda kilicho karibu na steji ya boda boda, na mwanamke akisimama kupimwa kiuno husema yote yaliyo moyoni mwake. Wakati wa korona nilisikia mengi. Mteja mmoja aliniapia kwamba kila aliyedungwa ya nyongeza atakufa kabla ya miaka miwili kwisha. Mimi ya nyongeza ninayo mkononi, namzungushia utepe. Nikamwambia basi aje achukue rinda lake haraka, kabla fundi hajazikwa. Mwingine akasema kama dawa ni nzuri, mbona irudiwe? Nikamuuliza, shamba lako unapalilia mara ngapi? Tulikuwa tunacheka. Nilidhani upuuzi wa namna hiyo ni wa kuchekwa tu.

Lakini malaria siichezei. Binti yangu si mzaliwa wangu wa kwanza. Alitanguliwa na mvulana, tulipokuwa tunaishi Kisian, na huyo malaria ilimchukua akiwa na umri wa kuuliza maswali yasiyoisha. Siku zile hapakuwa na chanjo ya kukubali wala ya kukataa. Degedege lilimshika asubuhi, tukahangaika na gari, na mchana nikarudi nyumbani na shuka tupu mkononi. Kwa hiyo mtu akiniambia malaria ni homa tu, namtazama na sijui nianzie wapi. Siku binti yangu aliponipigia simu kutoka Asembo Bay alikoolewa, akasema mtoto wake amedungwa sindano ya kwanza ya malaria, nililia juu ya cherehani mpaka mteja akadhani nimepata habari za msiba.

Ya pili akapelekwa, ya tatu akapelekwa. Mtoto alipokaribia miaka miwili nikapiga simu kumkumbusha mama yake ya nne. Akasema mtandao unasumbua. Nikapiga tena, akasema yuko ufukweni anaanika omena, wale samaki wadogo wa ziwani, atanirudia. Hakunirudia. Nikajua kuna neno. Binti yangu amesoma, amemaliza kidato cha nne, si mtu wa kukosa jibu. Siku nilipombana vizuri akasema, "Mama, huku wa kike ni tatu."

Nilicheka. Haki ya Mungu, nilicheka. Nikamwambia arudie. Akaeleza, na jinsi alivyoeleza niliona kwamba aibu anayo, ila imani nayo anayo. Wanawake wa pale ufukweni walikuwa wamewaona watoto wa kiume wakipelekwa sindano ya nne. Mmoja akasema naam, ni sawa, wa kiume ni nne. Hakuna aliyebisha, maana nani abishe jambo ambalo kila mtu analijua tangu azaliwe? Mwingine akaongeza kwamba ukimdunga msichana ya nne, umemtia hesabu ya kiume mwilini, na kizazi chake kitafunga. Ni nani aliyeanza kusema hivyo, hakuna anayejua. Kufikia masikio ya binti yangu, lilikuwa tayari ni neno la mababu, na chanjo yenyewe haina hata umri wa kuota meno.

Kicheko kikaniishia. Nilimwambia maneno makali, mengine siyaandiki hapa. Nilimwambia mbu haangalii kama mtoto amevaa rinda au kaptura. Akasema, "Mama, mimi naishi na watu." Simu ikakatika, na safari hii si mtandao.

Basi nikafunga kibanda nikaenda. Sasa, kwetu mama hajiendei tu nyumbani kwa mkwewe kama anayeingia sokoni. Mkwe na mama mkwe hatutazamani machoni, hatuketi pamoja, hata salamu hutolewa kwa mbali. Nilijifunga leso vizuri, nikabeba marinda niliyomshonea mtoto ili safari iwe na sababu, na njia nzima nikawa najiambia, leo utazungumza kwa adabu, mwanamke wewe, leo utazungumza kwa adabu.

Nilipokelewa kwa heshima zote. Mama wa mkwe wangu alinitolea kiti kivulini mwa nyumba yake, akanishika mikono yote miwili. Ni mwanamke mpole, mfupi, mwenye sauti ya chini, na mjukuu wetu alikuwa amejibandika kwake kama kupe. Mtoto mwenyewe alikuwa na mdomo, yawa! Aliamrisha kuku waende kulala mchana kweupe. Alitaka kujua jina la kila kifungo kwenye rinda lake jipya, na nilipomwambia vifungo havina majina akavipa yeye mwenyewe, kimoja akakiita jina langu. Nilimtazama nikiona jinsi alivyonona, jinsi anavyocheka, na hofu ikanishika zaidi badala ya kunipungua.

Mkwe wangu alikuwa ameketi upande wa pili wa ua, ametupa mgongo, anashona wavu wake. Mazungumzo yalikwenda hivi: mimi nasema, "Mwambie baba mtoto," na yeye anasema, "Mwambie mama," na binti yangu amesimama katikati amembeba mtoto, anarudia maneno ambayo sote tumeshayasikia. Nilisema chanjo haijui mke wala mume. Yeye akasema mtoto wa jirani alidungwa zote tatu na bado akaugua malaria, sasa hiyo ya nne itafanya nini? Nikasema huyo mtoto wa jirani aliugua akapona, hakuzikwa, na hiyo ndiyo kazi ya sindano. Nikauliza, huo wavu anaoushona, si aliushona mwezi uliopita? Mgongo wake ukatikisika, nadhani alicheka. Lakini akasema wavu ni uzi na mtoto ni mtoto, na mambo ya watoto wa kike yako mikononi mwa mama yake.

Mama wa mkwe wangu akanigeukia. "Mwenzangu," akasema, "hata mimi nimezaa, na nimezika. Umewahi kuona wa kike ametolewa nje siku ya nne? Akija kukosa mtoto kesho, nani atamjibu? Wewe utakuwa Kondele."

Hofu yake ilikuwa sawa na yangu. Sote wawili tulikuwa tunamlinda mtoto mmoja, yeye asije akawa mwanamke asiye na mtoto, mimi asije akafa kabla ya kuwa mwanamke. Nilitamani kumnyakua mtoto pale pale, nikimbie naye hadi barabarani. Badala yake nilikunywa maji niliyopewa, nikashukuru, nikaaga.

Kabla ya kurudi nilipitia dispensari yao. Sista aliyekuwa zamu alinisikiliza, na nilipofika kwenye ile hesabu ya tatu na nne, akaweka kalamu chini. Akasema alikuwa amegundua kwamba kwa sindano ya nne wavulana wanarudi na wasichana hawarudi, na alikuwa amejiuliza kwa nini mpaka akachoka. Yeye ni mgeni, si mtu wa huku, hakuna aliyemwambia. Kila mama aliyemuuliza alimjibu kwamba alisahau. Aliahidi kwenda ufukweni kuzungumza na akina mama, na alikwenda, nilisikia baadaye. Walimsikiliza, wakampigia makofi, wakampa samaki wa kwenda nao nyumbani. Wasichana hawakupelekwa.

Nilibakiwa na njia moja, nayo ni kumwomba binti yangu anipe mtoto aje kunitembelea Kondele. Akishafika kwangu, mimi najua kliniki iko wapi. Binti yangu si mjinga, alielewa ninachotaka, na hakukataa. Alisema, "Nitamleta, Mama. Acha giza la mwezi lipite." Omena huvuliwa mwezi usipoonekana, na siku hizo mwanamke haondoki ufukweni. Nikangoja. Giza likapita, akasema mama wa mume wake ana mguu unaouma. Giza la pili likapita. Mvua za masika zikaanza, nikasikia mbu wakiimba hadi ndani ya kibanda changu, nikawa napiga simu kila asubuhi kama mtu anayedai deni. Nilikuwa sishoni vizuri. Nilimshonea mwanafunzi mmoja mikono yote miwili ya upande mmoja.

Halafu siku moja simu ikanitangulia. Sikuwa hata nimeketi. Binti yangu alikuwa analia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake: mtoto alikuwa na joto tangu jana, sasa macho yamepanda juu, mwili unakakamaa, dispensari wamesema aletwe hospitali ya mjini haraka, wako njiani. Sikumbuki nilikifungaje kibanda. Nadhani sikukifunga.

Nilifika kabla yao. Nilipomwona akishushwa kwenye gari la wagonjwa, mdogo, amelegea, povu kwenye pembe ya mdomo, nilirudi Kisian. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa hospitali ya Kisumu lakini nilikuwa Kisian, na mtoto wangu wa kiume mkononi. Walimpitisha mbele yangu nikashindwa hata kumgusa.

Daktari alisema malaria imepanda kichwani, na damu imekwisha mwilini, lazima aongezewe. Mkwe wangu akaenda kutoa damu. Aliporudi alikuwa amebana pamba kwenye kiwiko, akasimama mbele yangu, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yangu. "Mama," akasema, "atapona?"

Aliniuliza mimi, kama vile ninajua. Nilimwambia akae. Akaketi kwenye benchi nililokalia, mkwe na mama mkwe bega kwa bega, na hakuna aliyejali. Niliomba mpaka maneno yakaniishia, nikabaki kusema tu, usimchukue, usimchukue. Nilimwambia Mungu kwamba mmoja alishamchukua na sikumuuliza, huyu nitamuuliza. Sijui kama ni dhambi kuomba hivyo. Sikuwa na sala nyingine.

Hakumchukua. Mtoto alifungua macho, akamwona mama yake, akanyoosha mkono kutaka titi aliloachishwa zamani, na sote tukalia kama wajinga. Mama wa mkwe wangu alikuwa ameshafika, akaanza wimbo wa kushukuru pale pale wodini mpaka akanyamazishwa na wauguzi. Nikamwita mtoto kwa jina. Hakugeuka. Nikasema amechoka. Nikamwita tena kutoka upande wa pili. Bibi yake akagonga kijiko kwenye kikombe karibu na sikio lake, akagonga kwa nguvu, wagonjwa wote wakageuka isipokuwa yeye.

Daktari alisema ugonjwa ule ukipanda kichwani huweza kuharibu masikio. Huenda usikivu ukarudi, huenda usirudi, tuwe tunamleta apimwe. Tumemleta. Bado. Na maneno aliyokuwa nayo, yale yote ya kuamrisha kuku, yanapotea polepole, kwa kuwa hayasikii tena akiyasema. Sasa akitaka kitu anavuta nguo yako.

Huko ufukweni maneno hayakungoja mtoto atoke wodini. Wengine walisema mnaona sasa, sindano tatu zote na bado malaria imemwangusha, bora mtoto asidungwe hata moja. Wengine walikuwa na habari kubwa zaidi: ati mimi nilimwiba mtoto nikampeleka Kondele kisirisiri, nikamtia ile ya nne, mwili wa kike ukaikataa hesabu ya kiume, ikapasua masikio. Mama wa mkwe wangu aliniuliza kwa upole wake ule ule, tukiwa tumeketi nje ya wodi, kama ni kweli nilimpeleka. Nilimjibu, "Ningempeleka, tusingekuwa hapa." Alifunika uso kwa leso akalia bila sauti. Nilimwacha alie. Siku ile sikuwa na huruma ya kumgawia.

Nilimrudia sista wa dispensari. Nilitaka mtu mwenye sare aniambie nilikuwa sahihi. Nikamuuliza, angedungwa ya nne, haya yangetokea? Akasema chanjo hupunguza ugonjwa mkali, watoto wengi huokoka kwa sababu yake, lakini si ukuta, na kwa mtoto huyu mmoja hakuna anayeweza kuapa. Nikamwambia aape. Akasema hawezi. Niliondoka nimekasirika, ingawa nilijua amesema kweli.

Mtoto alipopata nguvu, binti yangu alinipigia simu akasema siku fulani anampeleka kudungwa ya nne. Hakuniomba ushauri. Nikaenda. Nilikuta mama wa mkwe wangu ndiye aliyemwogesha na kumpaka mafuta, kwa mikono yake, na mkwe ndiye aliyewaleta kwa pikipiki, akabaki nje langoni anatazama barabara. Tuliketi benchini mimi na binti yangu, mtoto sakafuni kati ya miguu yetu, akina mama wengine wamejaa pande zote. Wote walimjua. Walikuwa wanamtazama, kisha wanawatazama wa kwao.

Pembeni yetu alikuwapo mama mmoja, msichana mdogo tu, amempakata binti mchanga, pengine mtoto wake wa kwanza, aliyeletwa kwa sindano ya tatu. Alivumilia, akashindwa. Akainama akamuuliza binti yangu kama ni kweli, kama ni sindano iliyomfanya mtoto awe hivi. Akina mama wakageuza vichwa. Hata sista mle ndani, nadhani, aliacha alichokuwa akifanya.

Binti yangu akasema, "Hapana. Ni ile niliyomnyima."

Maneno hayo nilikuwa nimeyatafuta kwake kwa miezi. Niliyatafuta kwa simu, kwa matusi, kwa kununa, nikiwa nimelala nikiwa nimeamka, nilitaka siku moja ayaseme. Aliyasema mbele ya watu kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeelekeza njia. Nilitaka kuyarudisha mdomoni mwake. Nilitaka kumwambia hapana mwanangu, hata sista hakuapa, huenda ingekuwa hivi hivi, usijibebeshe. Lakini binti yangu hakunigeukia kuona kama nina la kusema.

Msichana yule alimvuta mtoto wake karibu, akamfunika miguu. Sista akatokea mlangoni akaita jina la mjukuu wangu, akaita tena. Mtoto alikuwa anacheza na kamba ya kiatu cha mama yake. Binti yangu akamgusa begani, mtoto akainua uso akatabasamu, wakaingia ndani.